Madaftari Mawili, Hesabu Moja

Kosa langu nililipata kwenye foleni ya mbolea, Kitale, mwezi wa tano, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefika saa kumi na mbili na nusu nikaandikiwa nambari mkononi kwa kalamu ya wino, kama mtoto aliyepelekwa chanjo. Mbele yangu walikuwa wakulima wa mahindi kama mimi, kila mtu amekalia gunia lake tupu. Nilikuwa nimebeba kitabu cha kuandalia somo la wanafunzi wa mwaka wa tatu. Ni kitabu kizee, nilikipata nikiwa mwanafunzi, na ukurasa wake wa kwanza sikuwa nimeusoma kwa zaidi ya miaka ishirini, maana nani husoma ukurasa wa kwanza wa kitabu anachokijua? Siku hiyo niliusoma kwa kukosa la kufanya. Nikausoma tena. Halafu nikasema kwa sauti, "Ngai!" mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama mbolea imeisha.

"Haijaisha, mama," nikamwambia. "Ni mimi nimeisha."

Akacheka. Alidhani namtania.

Mimi ni mwanafizikia wa nadharia. Nashughulika na chembe zile ndogo kuliko zote, zisizogawanyika tena. Sina maabara, sina mitambo, sina hata lile koti jeupe. Nina kalamu, karatasi, na kompyuta moja ambayo betri yake ilikufa kitambo, kwa hivyo stima ikipotea nayo inapotea. Wenye mitambo wako ng'ambo. Huchukua chembe moja inayofanana na elektroni ila ni nzito zaidi, wakaizungusha ndani ya sumaku kubwa, wakapima inavyoyumba, kama pia ya mtoto inapokaribia kuanguka. Sisi wenye kalamu tunakokotoa ilipaswa kuyumba kiasi gani. Vipimo vyao vikilingana na hesabu zetu, basi dunia tunaielewa. Visipolingana, kuna kitu humo ndani ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Hesabu yenyewe ni kubwa mno, imekatwa vipande, na watu wa nchi nyingi kila mmoja ana kipande chake anachokitafuna. Changu ni kidogo. Nimekitafuna miaka tisa na meno yamechoka.

Wazazi wangu walihama kutoka Murang'a wakapata shamba nje kidogo ya Kitale, na hapo ndipo ninapoishi mpaka leo. Chuo ninachofundisha kiko upande wa Bungoma. Kwa hivyo maisha yangu yameishia barabarani. Ijumaa narudi kwa mahindi, Jumatatu narudi kwa chembe. Nikiwa kwenye chembe naulizwa kwa simu kama mbegu imetosha. Nikiwa kwenye mahindi nawaza chembe mpaka nang'oa mmea na kuacha gugu. Nimechoka. Sisemi hivyo nihurumiwe. Nasema ili mtu ajue anasimuliwa na nani.

Sasa kosa lenyewe. Katika hesabu zetu muda na nafasi huwekwa pamoja, lakini kimoja lazima kipewe alama ya kujumlisha na kingine alama ya kutoa. Kipi kipewe ipi? Haidhuru. Ni kama kuamua magari yapite kushoto au kulia: chagueni upande mmoja, mshike huo huo mpaka mwisho wa safari. Waandishi wengine wa vitabu wamechagua hivi, wengine vile, na kila mmoja hueleza uchaguzi wake kwenye ukurasa wa kwanza, ule usiosomwa na mtu. Mimi nilikuwa nimetoa kanuni kwenye kitabu kimoja na jedwali kwenye kitabu kingine. Nikaendesha kushoto mpaka Kamukuywa, halafu nikaendesha kulia mpaka Webuye, na sikujua. Alama moja ya kutoa ikapotea njiani. Vipande viwili ambavyo vilipaswa kufutana vikajumlishwa, na tukatangaza kwamba kuna kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nasema "tukatangaza" kwa sababu hatukuwa mtu mmoja, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Kazi yetu ina desturi yake. Hakuna anayeamini hesabu ya mtu mmoja. Kurasa mia mbili za mwandiko, utakosea tu, hata uwe na kichwa cha namna gani. Kwa hivyo mnakuwa wawili. Swali mnaligawana, njia hamgawani. Kila mtu na daftari lake, nyumbani kwake, hakuna kuchunguliana, hakuna kuulizana. Mkimaliza mnakutana, mnafungua ukurasa wa mwisho, mnaweka madaftari mezani kwa wakati mmoja. Yakilingana, mnaamini. Yasipolingana, mnarudi nyumbani wote wawili na kuanza kutafuta.

Mwenzangu kwenye hesabu hii alikuwa mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamifu, mwalimu wa sekondari kutoka Naitiri, mama wa watoto watatu. Alikuwa amefundisha hisabati na fizikia miaka kumi na minne kabla hajaja kwangu. Tulimwita Madam, kama walivyomwita shuleni kwake. Mimi aliniita Mwalimu. Neno profesa hakulipenda. Alisema huko kwao kila aliyevaa koti siku ya Jumapili ni profesa. Hesabu zake alizifanya amesimama kando ya meza ya jikoni, kwa sababu akikaa, usingizi unamchukua. Na aliandika kwa penseli, hii tabia ya walimu wa hisabati. Mimi huandika kwa wino, na nikikosea napiga mstari juu ya kosa ili lionekane. Sikumwambia afanye hivyo. Niliona ni jambo dogo.

Mwajiri wake alimpa likizo ya masomo, na likizo hiyo ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi wa nane. Chuo nacho kilikuwa kimeshamwongezea muda mara moja, na kilimwambia wazi kwamba asipotetea tasnifu yake mbele ya kamati kabla ya tarehe hiyo, jina lake litafutwa na miaka yake mitano iende na maji. Utetezi ulikuwa umepangwa mwezi wa saba. Sura tatu kati ya tano za tasnifu zilisimama juu ya hesabu yetu. Sasa mimi hapo foleni, mwezi wa tano, nambari imeandikwa mkononi, najua sura tatu zile zimesimama juu ya hewa.

Lakini kuna lililoniuma kuliko hilo. Nilipokuwa pale kwenye gunia langu nilikumbuka siku zile za kufungua madaftari.

Mara ya kwanza tulikutana ofisini kwangu, yeye na koti lake la mvua, mimi na chai yangu. Tukafungua. Kwake vipande viwili vilikuwa vimefutana, karibu sifuri. Kwangu vilikuwa vimejumlishwa. Nilitazama ukurasa wake kwa muda wa kumeza chai, nikamwambia, "Angalia tena, Madam." Akafunga daftari akaondoka. Akakaa wiki sita. Mara ya pili tukafungua, ikawa vile vile: yeye sifuri, mimi na kitu changu. Nikamwambia tena aangalie, na safari hii nikaongeza kwamba kwenye kazi hii haraka haraka haina baraka. Sheria inasema wote wawili warudi. Mimi nilimrudisha yeye peke yake. Langu sikulifungua hata ukurasa mmoja, nalo lilikuwa pale pale kwenye droo.

Mara ya tatu yalilingana. Nikapiga meza kwa furaha mpaka kikombe kikaruka.

"Unaona sasa! Ilikuwa wapi?"

"Ni alama tu, Mwalimu," akasema. "Niliipoteza."

Sikumuuliza aliipoteza ukurasa gani. Niliagiza mandazi. Tukaandika makala, na ndani yake niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba waandishi wawili walikokotoa kila mtu kivyake na wakafikia jibu moja. Makala ikachapishwa, watu wachache ng'ambo wakaitaja, na chuoni wakaanza kuzungumza kwamba sasa nipandishwe niwe profesa kamili. Sote tulikuwa na furaha, hata bawabu alikuwa na furaha.

Tulilelewa kwa methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetuambia anayesikia la mkuu aliyekosea huvunjika nini.

Mbolea nilipata. Nikaipeleka nyumbani, nikaifungia stoo, nikaketi mezani na kalamu, nikapitia hesabu nzima kwa alama moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Vipande vilifutana. Nikapitia tena. Vilifutana tena, kama alivyosema mara ya kwanza na ya pili. Nikalifunga daftari na kulirudisha kwenye begi, na nikanyamaza siku kumi na mbili.

Siku kumi na mbili si nyingi, lakini mtu anaweza kuzitumia vibaya sana. Nilijiambia: hii nambari ni ndogo, ni nani ataikagua? Nilijiambia: mwache Madam atetee mwezi wa saba, apate shahada yake, halafu mwakani nitaandika masahihisho kimyakimya. Nilijiambia namlinda yeye. Na sina budi kusema kwamba kila nilipojiambia hivyo, nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na nyingine iliyokuwa ikinong'ona "profesa kamili, profesa kamili," na ilikuwa sauti yangu pia. Aibu haina miaka. Nina hamsini na tisa na niliona aibu kama mwizi wa kuku.

Mke wangu ni muuguzi mstaafu, na wauguzi hawadanganyiki. Siku ya kumi na mbili alinikuta shambani napalilia mstari niliokuwa nimeupalilia asubuhi.

"Wewe umeficha nini?" akaniuliza. "Mficha uchi hazai."

"Kwa umri huu nizae nini tena?"

"Zaa hilo neno basi, nilale. Unageuka kitandani kama chapati."

Nikamwambia yote hapo hapo kwenye mahindi. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe langu. Kuhusu alama na vipande hakusema kitu. Aliuliza swali moja tu: "Na huyo mama wa Naitiri anajua?" Nikasema hajui. Akanirudishia jembe, akaenda zake nyumbani. Kesho yake nikapanda gari kwenda Naitiri.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amesimama kando ya meza aliyoitoa jikoni kwa ajili ya mwanga, anajiandaa kwa utetezi. Alifurahi kuniona. Hilo lilinimaliza nguvu.

"Mwalimu! Karibu sana. Si ungenipigia simu nikuchinjie hata kuku?"

"Usichinje kitu, Madam. Ngoja kwanza unisikie."

Mume wake, ambaye ni mkulima na mtu wa maneno machache, alileta chai na ndizi za kuchemsha, akatusalimia, akatuacha. Nikamweleza Madam kila kitu. Vitabu viwili, ukurasa wa kwanza, foleni. Alikuwa ananitazama mdomoni, kama mtu anayesikiliza lugha ambayo hana hakika nayo. Nilipomaliza aliingia ndani akarudi na madaftari mawili. La kwanza alilifungua ukurasa wa mwisho: sifuri. La pili akalifungua, akaliinua likatazama jua ili nione karatasi. Chini ya alama ya kujumlisha kulikuwa na alama ya kutoa iliyofutwa kwa raba, na karatasi imekwaruzika.

"Mara ya kwanza nilipata hivi," akasema. "Mara ya pili nikaanza upya kabisa, daftari jipya, ikatoka hivyo hivyo. Mara ya tatu…"

"Mara ya tatu?"

"Mara ya tatu sikufanya hesabu, Mwalimu. Nilifuta tu, nikaandika yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si nilikuambia mara mbili?"

Ndizi zilikuwa zinapoa kati yetu. Akaendelea, bila hasira bado, akinieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake: "Nilidhani kuna kitu wewe unakijua. Nilikaa hapa hapa nikajiuliza, huyu mtu amefanya hii kazi miaka thelathini, mimi ni nani, mwalimu wa Naitiri, nimwambie alama yake si sawa? Nikasema lazima ni mimi. Sikujua nilikosea wapi, lakini nikasema lazima ni mimi."

Na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza, na halikutoka kwenye kitabu chochote. Nikamwambia uamuzi ni wake. Akitaka tunyamaze mpaka atetee, nitanyamaza. Akitaka niseme, nitasema. Nilidhani hiyo ni heshima.

Aliweka kikombe chini.

"Ati uamuzi wangu?" akasema. "Mwalimu, usinifanyie hivyo. Hesabu ilipokuwa mbaya, ni mimi uliniambia nirekebishe. Sasa jambo lenyewe limekuwa mbaya, ni mimi tena niamue? Kwani wewe kazi yako ni gani?"

Hakuwahi kusema nami hivyo. Halafu akalia, na alilia kwa hasira, akijipangusa kwa mgongo wa mkono. Akasema mume wake amepika ugali miaka mitano bila kulalamika. Akasema ndugu zake wameshaulizia tarehe ya sherehe. "Na shuleni nitaenda niwaambie nini? Ati ni alama? Miaka tano, bana, ati alama!" Nilikaa nikitazama mikono yangu. Mwenye busara angeondoka mapema kidogo kuliko nilivyoondoka.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu hasira haiondoi desturi.

Nikaandika barua mbili. Moja kwa waliochapisha makala, kwamba iondolewe. Nyingine kwa kamati ya chuo, Bungoma. Wiki iliyofuata niliitwa. Mwenyekiti, mtu mwema na mwenye haraka, alinisomea barua yangu kana kwamba sikuwa nimeiandika mimi, kisha akaivua miwani yake.

"Si ungengoja tu mwezi mmoja, bana?" akaniuliza. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka kama mimi.

Niliwaambia kosa ni langu. Niliwaambia mwanafunzi alipata jibu sahihi mara mbili, nami nikamrudisha mara mbili, na ya tatu akaniheshimu. Mmoja wao akasema mwanafunzi wa uzamifu anapaswa kusimama na hesabu yake. Nikamuuliza yeye mwenyewe alisimama na nani alipokuwa mwanafunzi. Walibishana saa mbili nzima. Mwishowe utetezi wa mwezi wa saba ukafutwa. Jina lake hawakulifuta, ila walimpa mpaka mwisho wa mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, na wakaandika kwa herufi kubwa kwamba hakutakuwa na nyongeza nyingine. Mambo ya profesa kamili hayakutajwa siku hiyo, wala hayajatajwa tena.

Likizo yake iliisha. Muhula wa tatu ulipofunguliwa alirudi darasani Naitiri, vipindi ishirini na sita kwa wiki, na hesabu ya kurasa mia mbili ikawa ya Jumamosi na ya jioni. Alinipigia simu mara moja tu mwanzoni, na alisema kwa ufupi. Tuanze upya wote wawili. Karatasi tupu, kwa wino, hakuna kufuta. Asiulizwe amefika wapi mpaka amalize mwenyewe. Nikasema sawa. Tangu hapo tukawa kama watu waliokula kiapo. Desemba tulikutana ana kwa ana sokoni Misikhu, yeye ananunua vitunguu vya Krismasi. Tukaulizana habari za watoto, za mvua, za bei ya mahindi, za kila kitu isipokuwa hicho kimoja, halafu kila mtu akashika njia yake.

Kuanza upya ukiwa kijana ni kazi. Ukiwa na umri wangu ni adhabu. Macho yangu hayatofautishi tena nane na tatu nikichoka, na nilikuwa nachoka kabla ya saa nane. Kuna siku niliandika mstari mmoja tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, na huo mmoja nikaukata. Nilijiuliza mara nyingi kama kuna mtu hapa duniani anayehitaji kujua kwamba jibu ni karibu sifuri lakini si sifuri kabisa. Halafu nilikumbuka meza ya jikoni Naitiri, na mtu aliyesimama kando yake akikataa usingizi, nikanoa macho nikaendelea. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilimaliza. Nikaipitia mara moja, nikaipitia ya pili kwa haraka, nikakaa kumsubiri.

Alipiga mwezi wa pili, saa ya chakula cha mchana shuleni. Nilisikia kelele za wanafunzi na sahani.

"Mwalimu, nimemaliza."

"Sema yako kwanza," nikamwambia.

Akataka nianze mimi. Kwetu mdogo hafungui mdomo kabla ya mkubwa, na kila mara tulipofungua madaftari macho yake yalikuwa yanakimbilia langu kabla ya kutazama lake. Nikakaza. Akasoma nambari yake polepole, tarakimu moja moja.

Yangu ilikuwa mara mbili ya hiyo. Si karibu na mara mbili. Mara mbili kamili.

"Yangu ni mara mbili ya yako," nikasema. Nilijua mwezi wa nne uko pale, na nilijua jinsi ilivyo rahisi kuzidisha nambari kwa mbili kwa penseli.

Nilisikia kengele inaanza kulia huko kwake.

"Basi kuna mtu amekosea, Mwalimu," akasema. "Mimi nimeangalia mara nne. Wewe je?"

"Mara mbili."

"Haya basi. Nitangoja." Akakata simu akaenda darasani.

Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Nilikaa na simu mkononi nikaona kama nimesukumwa. Mke wangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, akasema "Hakuna kitu ndiyo nini?" nikatoka nje nikazunguka shamba ambalo halikuwa na kitu cha kutazama, mabua tu. Halafu nikarudi ndani nikafungua daftari langu ukurasa wa kwanza. Nilitafuta siku kumi na moja. Hesabu zetu huanza kwa michoro, mistari inayokutana na kuachana, na kila mchoro huhesabiwa mara moja. Kuna mchoro mmoja ambao ukiugeuza chini juu unaonekana ni mwingine, kumbe ni ule ule. Nilikuwa nimeuhesabu mara mbili, mara moja ukiwa wima na mara moja ukiwa umegeuka. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili angeadhibiwa kwa hilo. Nilipoliona kosa nilicheka peke yangu, kisha nikajiona nalia, na sikujua ni uchovu au ni furaha, nadhani ni vyote. Nikamwandikia ujumbe wa maneno mawili: "Ni mimi." Alinijibu jioni, baada ya kazi, kwamba ataanza kuandika sura upya.

Alipita. Nasema mapema ili mtu asikae na wasiwasi niliokuwa nao mimi siku ile, nimeketi nyuma ya chumba, Bungoma, mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati hata wazungumzaji wakawa wanapaza sauti. Mume wake alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa suti, mikono juu ya magoti. Mtahini kutoka nje alikuwa mzee mkali kuliko mimi, na alimhoji Madam kwa saa tatu bila kutabasamu. Karibu na mwisho akafunga tasnifu na kuweka kalamu juu yake.

"Hili jibu lako ni dogo sana," akasema. "Nani mwingine amelikokotoa?"

"Msimamizi wangu, kivyake."

"Naye akapata hili hili?"

Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa kweli, na mtu wa heshima, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, angesema ndiyo na kuniacha na uso wangu. Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Yeye hakugeuka.

"Hapana," akasema. "Alipata tofauti. Nikamngoja."